Huyu Naye Tumhesabu?

Kuna watu duniani ambao starehe yao ni kuhesabu ndege. Si kuwafuga, si kuwala, hata kuwapiga picha si lazima. Kuhesabu tu. Mtu ana daftari lake, na kila akiona aina mpya anaandika jina, tarehe na mahali. Akishaandika mara moja basi, hata amwone tena mara elfu haongezi kitu. Wapo wenye orodha ya nchi, wapo wenye orodha ya bara zima, na wapo wanaosaka aina zote za dunia, ambazo ni zaidi ya elfu kumi. Tanzania peke yake inazo zaidi ya 1,100. Ndiyo maana wanakuja.

Nikisimulia habari hizi kijiweni kwetu Nyasho, hapa Musoma, jamaa wanacheka mpaka wanashika mbavu. Yaani mtu mzima anakata tiketi ya ndege kuja kuhesabu ndege? Kwarara huyu huyu anayetupigia kelele asubuhi? Lakini jamaa hao hao watakutajia kikosi cha Simba kilichofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, mchezaji kwa mchezaji, na wengine walikuwa hawajazaliwa. Kila mtu na orodha yake.

Mimi nimeingia katika mambo haya kwa mlango wa nyuma. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja ya kunitosha kusoma na kuandika, nikapata kazi kwenye steshenari moja barabara ya Mukendo. Mchana natoa fotokopi na kuwachapia watu barua za kuomba kazi. Usiku naandika riwaya yangu, ambayo sasa iko kaunta buku ya tatu na mhusika mkuu bado hajafika stendi. Msimu wa wageni kaka yangu, ambaye ni dereva wa watalii, hunichukua nikamsaidie kubeba mikoba na kutafsiri. Tunapita Bunda, tunaingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, na njiani nimejifunza majina ya ndege ambao nilikua nikiwatupia mawe.

Mwaka jana tulikuwa na mzee mmoja Mwingereza, mwalimu mstaafu, mwenye Kiswahili cha kuombea maji na daftari lililofungwa kwa mpira. Alikuwa ametoka Rubondo. Tulipokaa kwa mama lishe pale Bunda kula ugali na sato, akanionyesha kurasa zake za safari ile, mistari imejaa kwa mwandiko mdogo kama dagaa waliotandazwa juani. Katikati ya ukurasa palikuwa na mstari mtupu. Nikamwuliza huyu ni nani. Akasema ni kasuku wa kijivu, nimemwona kwa macho yangu mawili, lakini siwezi kumhesabu.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza, na mpaka leo kichwani mwangu haujaisha.

Rubondo ni kisiwa cha upande wa kusini-magharibi wa ziwa letu, mkoa wa Geita. Kilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977, lakini hata kabla ya hapo kilikuwa kimeshageuzwa safina ya Nuhu. Profesa Grzimek, yule Mjerumani wa Serengeti, pamoja na shirika lake la Frankfurt, walipeleka kule sokwe 17 kati ya mwaka 1966 na 1969, sokwe waliokuwa wamefungiwa Ulaya. Walipelekwa pia twiga, tembo, mbega na faru weusi. Faru majangili waliwamaliza. Sokwe wakazoea msitu, wakazaana, wapo mpaka leo. Halafu mwaka 2000 ikaja zamu ya kasuku wa kijivu, waliokuwa wamenaswa mikononi mwa wafanyabiashara wa magendo, wakaachiwa kisiwani.

Na kasuku wa kijivu si ndege wa kuchezea. Mwaka 2016 aliingizwa katika kundi la ndege walio hatarini kutoweka, na mwaka huo huo nchi za dunia zilikutana Johannesburg zikakubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hao wanaokamatwa porini. Kosa lake ni ulimi. Ndege asiyejua kusema hakuna anayemfungia sebuleni.

Hoja za mzee zilikuwa hivi. Kwanza, kasuku yule hakufika Rubondo kwa mbawa zake, kuna mtu aliyefungua kizimba. Pili, kweli kasuku hawa ni wa misitu inayoanzia Afrika ya Magharibi hadi Uganda na pembe yetu ya Kagera, lakini nani anaweza kuapa kwamba kisiwa kile kilikuwa kwao? Tatu, na hii ndiyo aliyoisema kwa mkazo, yeye anahesabu alichokifanya ndege, hahesabu walichokifanya watu.

Nikamwuliza, je, kunguru wa Zanzibar unaye?

Akafungua daftari. Anaye.

Wasomaji wa Dar mnamjua kunguru huyo, yule mwenye shingo ya kijivu anayeiba sabuni karoni na mishikaki jikoni. Si wa kwetu. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili asafishe takataka za mji, akavuka bahari mpaka bara, na tangu hapo amekuwa akila mayai na makinda ya ndege wenyeji. Huyo anahesabiwa kwa sababu ameshajistawisha, hahitaji msaada wa mtu. Sasa kasuku, aliyeporwa msituni akarudishwa msituni, mstari wake mtupu. Mhalifu ana kitambulisho, aliyeibiwa hana!

Mzee akacheka mpaka akapaliwa na sato. Akaniambia kwamba hata Wamarekani walikwama papo hapo kwa miaka mingi. Kwao kuna tumbusi mkubwa kuliko wote, kondori wa California. Mwaka 1987 wataalamu walimkamata wa mwisho aliyebaki porini, wakawa 27 tu duniani, wote vizimbani. Kuanzia 1992 wakaanza kuwaachia tena taratibu. Mtazama ndege wa kule angeweza kumwona kondori akipaa juu ya bonde alilozaliwa babu yake, na bado kwa kanuni za chama chao asimhesabu, wakati kwezi wa Ulaya walioachiwa kwenye bustani moja ya New York mwaka 1890 walikuwa wanahesabika bila swali. Mwaka 2014 chama hicho kikabadilisha kanuni. Ndege wa asili aliyerudishwa anahesabika ikiwa kundi lake limeshaangua makinda porini, au ikiwa huwezi tena kumtenganisha aliyeachiwa na aliyezaliwa hapo.

Nikaona hiyo ni kanuni ya watu wenye akili. Lakini inamhusu ndege aliyerudishwa kwao tu, kwa hiyo haimalizi ubishi wa Rubondo. Sokwe wa Rubondo, kwa mfano, wamezaliana vizuri sana, ila hawakurudishwa, walipelekwa. Kuna kurudi na kuna kuhamia. Sangara naye ametajirisha watu wengi hapa Musoma, ana viwanda na maboti, lakini si mwenyeji wa ziwa hili. Aliingizwa miaka ya 1950 na baada ya hapo, akawamaliza furu aina kwa aina, nasi leo tunamwuza kama samaki wetu. Simsemi vibaya, nimelipiwa ada kwa mapato yake. Nasema tu kwamba neno "mwenyeji" tunalitumia kwa urahisi mno.

Ndege anayenipa shida zaidi kuliko kasuku ni korongo taji. Huyu mnamjua hata kama hamjui jina, ndiye aliye kwenye bendera ya Uganda, mwenye shada la dhahabu kichwani na mwendo wa bibi harusi. Huku Mara bado yupo kwenye maeneo ya tope na majaruba ya mpunga. Naye tangu mwaka 2012 amewekwa kwenye kundi la walio hatarini. Mabwawa yanakaushwa yawe mashamba, na watu wanamkamata wakamfuge uani kama pambo.

Rwanda walifikia mahali ambapo korongo wengi walikuwa kwenye bustani za hoteli na nyua za matajiri, mbawa zimekatwa. Daktari mmoja wa mifugo, Olivier Nsengimana, akaanzisha kazi ya kuwatoa huko. Kuanzia mwaka 2014 wenye korongo waliombwa wawaandikishe, bila kushtakiwa. Ndege wakapimwa, waliokuwa na afya wakapelekwa Hifadhi ya Akagera wakaachiwa taratibu, huku wakiwa na pete za rangi miguuni. Walioharibiwa mbawa kabisa wana makao yao Kigali panapoitwa Umusambi, neno lenye maana ya korongo huyo huyo kwa Kinyarwanda. Mwaka 2017 walipohesabu korongo wa porini nchi nzima hawakufika 500. Miaka michache baadaye walizidi 1,000.

Sasa Akagera imepakana na sisi. Korongo hajui mpaka. Tuseme mmoja aliyelala miaka sita kwenye nyasi za hoteli anaamka asubuhi anavuka mto Kagera, anatua upande wa Tanzania kwenye jaruba la mtu, na mzee wangu yuko pale na darubini. Amwandike?

Hapa sitaki kuwa mwanasiasa wa ndiyo na hapana. Nasema amwandike. Anajilisha mwenyewe, amevuka mwenyewe, yuko katika nchi ambayo korongo wamekuwepo siku zote. Pete ya mguuni si kitu cha aibu. Wale wa Umusambi, ambao wanaishi kwa mkono wa mtu na mbawa zao hazitawarudia, hao ni wagonjwa wodini, uwatembelee, uwaonee huruma, usiwahesabu.

Lakini mzee alikuwa na hoja moja ambayo sikuweza kuipangua, na sitaifunika. Alisema ukianza kuhesabu mapema unawapa watu ruhusa ya kulala. Akanikumbusha faru. Mwaka 2010 waliletwa Serengeti faru weusi watano kutoka Afrika Kusini, ambao wazee wao walikuwa wamechukuliwa Kenya miaka ya 1960, na Rais Kikwete mwenyewe akaenda kuwapokea. Ilikuwa sherehe. Desemba ya mwaka huo huo mmoja wao, aliyeitwa George, akauawa na majangili. Waliofuata, faru tisa waliopelekwa Grumeti mwaka 2019, walikuja na ulinzi mwingi na kelele kidogo. Hata wale vyura wadogo wa Kihansi, waliotoweka porini na kuzalishwa Marekani, walianza kurudishwa kwenye maporomoko yao mwaka 2012, na wataalamu bado wako juu yao. Kurudisha si siku moja ya ndege kutua uwanjani na hotuba.

Basi nikawa na swali hilo kichwani nilipokwenda Butiama mwezi wa nne kumwona bibi, mama yake mama yangu. Bibi ni mjane wa Kizanaki, anakaa si mbali na alipozikwa Mwalimu. Akaniita "mume wangu" kama kawaida yake, akanipa togwa, akaniambia mjomba wako naye yupo, amekuja jana.

Mjomba alikuwa mtu wa Nyatwali, pale Bunda penye ghuba ya Speke. Wanaofuatilia habari wanajua kwamba serikali iliamua kata ile ihamishwe ili wanyama wa Serengeti wapate njia mpaka ziwani, na watu wakalipwa fidia wakaondoka. Mjomba alikuwa na majaruba na mtumbwi. Sasa yuko kijiji kingine, mbali na maji, amenunua eneo na kujenga nyumba ya bati yenye vyumba vitatu. Nyumba nzuri kuliko ile ya kwanza, anakiri mwenyewe. Fidia si hadithi yangu leo.

Kinachomkera ni kikao. Kwenye kijiji kipya kukiwa na jambo la wazee, la mpaka au la makaburi, anakaribishwa vizuri, anapewa kiti, na anapotaka kusema mtu anamwambia kwa upole, "Mzee, wewe subiri kwanza, wewe ni wa kuja." Hawamtukani. Hawamhesabu tu. Mwaka jana alifiwa na mama mkwe, wakauliza kikaoni kwa nini asizikwe alikotoka. Alikotoka sasa ni pa nyumbu.

Nikaona nimchekeshe. Nikamsimulia habari za mzee wa kasuku na kanuni ya Wamarekani. Akasikiliza kwa makini sana, akauliza maswali kama hakimu. Hao kondori waliachiwa na nani? Walilipwa fidia? Bibi akacheka. Halafu mjomba akauliza, "Wamesema mpaka waangue makinda?"

"Ndiyo mjomba. Kundi likishaangua, hata yule mkubwa aliyeletwa anahesabika."

Akanyamaza. Binti yake mkubwa alijifungua mwezi wa pili, kwenye zahanati ya kijiji kile kile kipya. Mtoto wa kike, na jina amepewa la bibi.

"Kwa hiyo mimi nahesabika kwa ajili ya yule mdogo?"

"Kwa kanuni ya Marekani, ndiyo."

"Basi hiyo kanuni nichapie," akasema, "niende nayo kikaoni."

Tulicheka wote, lakini hakuwa anatania. Niliporudi Musoma nikamchapia kweli, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, nikapiga na fotokopi tano. Kama amezisoma kikaoni au amewashia moto mimi sijui, hajaniambia.

Bibi ndiye aliyesema kitu ambacho sikukitegemea. Alisema kule kwao zamani mtu wa kuja hakuwa anahesabiwa kwa kuzaa, alihesabiwa kwa kuzika. Ukiwa na kaburi mahali, wewe ni wa pale. Nikawaza, ndege hawana makaburi, na kondori wanaokufa kwa risasi ya risasi, yaani madini ile iliyobaki kwenye mizoga, wanaokotwa na kupelekwa maabara. Kipimo cha bibi hakifai kwa ndege. Kwa mjomba kinafaa, na mama mkwe wake amezikwa pale, pembeni ya nyumba ya bati, baada ya kikao cha siku mbili.

Nikirudi kwa mzee Mwingereza, ugomvi wangu naye nimeuona vizuri baadaye, nikiwa nasukuma karatasi kwenye mashine. Si kwamba hakumhesabu kasuku. Ni kwamba hakumwandika. Aliacha mstari mtupu. Kuhesabu na kuandika ni vitu viwili. Kuhesabu ni mchezo wake, ana haki ya kuucheza kwa kanuni anazotaka. Lakini mtu akiwa ametembea Rubondo siku tatu na darubini ya thamani ya pikipiki, akaona kasuku wangapi, mti gani, saa ngapi, wanalisha au wanaingia tunduni, na habari hiyo akaitupa kwa sababu haimwongezei namba, basi hapo amepoteza kitu ambacho si chake peke yake. Nani mwingine atajua kama wamezaliana? Watu wenye kazi ya kukusanya kumbukumbu za ndege wa nchi hii wanategemea madaftari ya namna hiyo. Ndege asiyeandikwa leo kwa sababu eti bado hajawa mwenyeji, kesho hatutakuwa na ushahidi wa lini alikuwa mwenyeji.

Nilimwandikia barua ya kumweleza hivyo, kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne. Alijibu baada ya wiki sita. Alisema amejaza ule mstari kwa penseli: watano, juu ya mti mkubwa, wakipiga kelele, saa kumi na moja jioni. Pembeni hakuweka namba. Nimeridhika nusu.

Mimi pia sasa nina orodha, nyuma ya kaunta buku ya tatu, inaanzia ukurasa wa mwisho na kuja mbele wakati riwaya inatoka mbele kwenda nyuma, na siku moja zitagongana. Kunguru wa Zanzibar nimemwandika, kwa hasira. Kasuku mdogo wa Fischer, mwenye uso mwekundu, yule aliyekuwa akisafirishwa nje kwa maelfu miaka ya 1980 mpaka serikali ikazuia mwaka 1992, nimemwona hapa Bunda, mwenyeji halisi. Siku nikifika Naivasha kule Kenya, ambako jamaa zake waliotoroka vizimbani wameweka makazi, nitawaandika na hao, na nitasema wametoka wapi.

Juzi tulisimama kwenye majaruba upande wa chini wa Bunda kupoza injini. Korongo taji wawili wakubwa na kinda mmoja, wanatembea kwenye mpunga. Nikaazima darubini ya mgeni nitazame miguu kama kuna pete. Mpunga ulikuwa umefika magotini mwao. Nikaandika namba 88, tarehe, mahali, watatu, miguu haikuonekana.